Hirizi Mlangoni

Siku hizi kila mlango una kioo cha ukaguzi. Fuwele yake hupima nguvu ya kila mwali wa eksirei unaompenya anayepita, na kila kilichomo mwilini au nguoni huonekana kwa rangi yake: mifupa nyeupe, dhahabu njano, shaba kijani.

Siku ya harusi yangu, bwana harusi alipoingia, kofia yake ikawaka kijani kiooni. Hirizi ya shaba!

"Mkwe, umemshonea mwanao kinga dhidi yetu?" mama yangu alimfokea mama mkwe.

Mama mkwe akainamisha kichwa. Ndipo nami nikatolewa chumbani. Pindo la gauni langu, alilolishona mama mwenyewe, likawaka kijani kibichi.

Mama akaziba mdomo. Vigelegele vikapasuka, wakwe wakakumbatiana kwa kicheko. Nilicheka kuliko wote, hadi mume wangu aliponinong'oneza kwamba nyumba tunayohamia ina milango saba, kila mmoja na kioo chake cha kutufichua.