Chai ya Mkuu

Kocha aliweka filimbi mdomoni akapuliza, ikatoka pumzi tupu. Wasichana wa timu walisimama uwanjani na mipira mikononi, wakimtazama. Mate yalikuwa yamemkauka.

"Hebu rudia," alimwambia tarishi wa chuo.

"Mkuu anakuita," tarishi akarudia, macho yake kwenye viatu vyake mwenyewe. "Amesema uende ofisini kwa chai."

Msaidizi wa Kocha, aliyekuwa akikusanya mipira, aliiachia ikaviringika mpaka ukutani.

Pale chuoni hakuna asiyeijua chai ya Mkuu. Mkuu wa chuo hakuwa na ulimi wa kumwambia mtu "umefukuzwa." Wengine walisema ni haya, wengine walisema ni uoga uliovaa tai. Ukiitwa, ulimkuta na chupa ya chai mezani na kikombe kimoja. Alikumiminia kwa mkono wake, akakuuliza habari za watoto, na chai ilipoisha na kazi ilikuwa imekwisha. Mlangoni ulikuta boksi la kubebea vitu vyako. Mhasibu aliinywa. Mganga wa zahanati aliinywa, tena maskini akaomba aongezewe sukari. Kocha wa zamani, yule mzee aliyemtoa Kocha kwenye kufua jezi akampa filimbi, aliinywa, kisha akarudi kukaa kwenye benchi la akiba bila kusema na mtu.

"Labda leo ni chai ya kawaida," msaidizi alisema.

"Wewe umeshawahi kuiona hiyo ya kawaida?"

Msaidizi akainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Kocha alivuka uwanja. Sababu aliijua. Jumamosi, ingawa walikuwa wameshafuzu fainali, walikuwa wamefungwa na chuo jirani kwa pointi moja, mbele ya bodi nzima. Mkuu alikuwa amekaa katikati ya wajumbe. Mwenyekiti wa bodi alimwinamia akamnong'oneza jambo, na kabla mchezo haujaisha Mkuu akainuka, akaondoka bila kumwangalia mtu. Kocha aliyaona yote hayo kutoka pembeni mwa uwanja, na tangu hapo usingizi ulimhama.

Aliogopa, na hakuona aibu kuogopa. Alianza kwa kufua jezi, akacheza, akawa msaidizi, akawa kocha. Kazi nyingine hakuijua. Mama yake mpaka leo huwaambia majirani kuwa binti yake analipwa kwa kupiga kelele. Na fainali ilikuwa wiki hiyo hiyo. Nani angewasimamia wale wasichana? Nani angejua kwamba nahodha akinyamaza ana homa, na yule mrefu hachezi vizuri mpaka ugombane naye kidogo?

Katibu muhtasi wa Mkuu alikuwa akijifuta macho kwa kona ya kitenge. Alipomwona Kocha akajaribu kutabasamu, uso ukakataa.

"Ingia tu, dada," alisema. "Anakungoja."

Kama katibu muhtasi analia, ndiyo basi.

Boksi lilikuwa pale pale mlangoni, kama walivyosimulia wote. Alilipita akigeuza uso, asije akaona limeandikwa jina. Ukutani palipokuwa na picha ya timu iliyotwaa kombe palibaki msumari. Hata picha yetu, Kocha aliwaza. Hawakungoja hata nifike.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Keti, Kocha."

Mkuu hakuwa amevaa tai. Mezani hapakuwa na faili hata moja. Palikuwa na chupa ya chai na kikombe kimoja. Kocha alikaa kwenye ncha ya kiti.

"Umechelewa kidogo," Mkuu alisema.

"Nilikuwa mazoezini."

"Si lawama. Nimewaita na wakuu wa idara wawili kabla yako. Mmoja kapata homa ya ghafla, mwingine kafiwa." Akakuna kidevu. "Wewe umekuja."

Ningejua ugonjwa unaruhusiwa, ningeumwa, Kocha aliwaza.

"Watoto hawajambo?" Mkuu aliuliza.

Hilo swali ndilo alilokuwa akiliogopa njia nzima. Lilimwingia kama maji ya baridi mgongoni.

"Hawajambo," alijibu. Kisha akaona kuliko kufa kimya bora afe akiomba. "Mkuu, nakusihi. Niache nicheze fainali nao. Nimalize na wale wasichana, halafu nitaondoka mwenyewe, wala hutanisikia nikilalamika kwa mtu."

"Kuondoka," Mkuu alisema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenziwe.

Akainua chupa ya chai. Kocha akafumba macho. Alingoja mlio wa chai ikiingia kikombeni, huku akimfikiria yule mzee kwenye benchi la akiba, na jinsi ambavyo hakuna aliyethubutu kwenda kukaa naye.

Mlio haukuja.

Alipofumbua macho, chupa ilikuwa imerudi mezani, na Mkuu alikuwa akiisukuma taratibu kuelekea upande wake. Kikombe kilibaki mbele ya Mkuu.

"Nimiminie, Kocha," alisema. "Bodi ilikaa asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kunimiminia."