Mizani ya Barazani

Katika daftari la rufaa la kliniki ya uzito, jina la Bi Hidaya lilikaa miezi mitatu bila alama ya kufika. Nesi Zawena akamfuata nyumbani.

"Mbona hukuja, mama?"

Bi Hidaya akatoa chini ya godoro barua ya daktari, imechakaa kwa kukunjwa. "Nilikuja, mwanangu. Mara tatu. Kila mara naishia getini."

"Kwa nini?"

"Nakusikia pale barazani unavyoyatangaza majina ya watu na kilo zao, karani aandike."



Kesho yake, kliniki, Zawena aliiburura mizani hadi chumba cha ndani, akatundika kanga yake mlangoni, akachukua kalamu mwenyewe. Adhuhuri, chini ya pindo la kanga, aliona ndara mbili zimesimama.

Hakuita jina.