Achama, Mzee

Mzee Mbaruku alipanda bodaboda kutoka Lionja mpaka Nachingwea mjini kwa ajili ya jino, shavu limevimba kama kaficha embe. Alipokaa kwenye kiti cha kung'olea meno, akafunga mdomo.

"Achama, baba," Miriam alisema, kioo kidogo cha meno mkononi.

Mzee akatikisa kichwa. "Nileteeni mwingine."

Bi Fatu, mkewe, alidhani anajua sababu. Huyu binti, mwanafunzi wa udaktari wa meno, ndiye ambaye mtoto wao Bilali anataka kumuoa. Wazazi wake ni Wasukuma, wamehamia Narung'ombe na ng'ombe wao. Meno yake ya mbele yana madoa ya kahawia. Na tangu msimu wa korosho mzee amegoma kupeleka posa.

"Baba Bilali, achama bwana! Unamwonea aibu mkwe?"

"Mkwe wa nani?" mzee alijibu, kiganja mdomoni kama kawaida yake. "Sisi Wamwera wa huku huku tangu mababu. Leo nipate wajukuu wenye meno ya kutu?"

Miriam akacheka, hakuficha hata jino moja. "Haya hayarithiwi, baba. Ni maji ya visima vya kwetu Shinyanga, yana madini. Ukiyanywa utotoni, meno bado yanaumbika ndani ya taya, ndo yanatoka hivi. Ukiyanywa ukubwani, hayakufanyi kitu. Wajukuu zako si watakunywa maji ya Lionja?"

"Na ukisugua?" Bi Fatu aliuliza.

"Hayatoki, mama. Si uchafu, ni jino lenyewe liko hivyo."

"Basi afadhali baba Bilali, yake ni tumbaku tu. Tangu anioe hajanichekea mdomo wazi, eti aibu!"

Nje ng'ombe akalia.

"Huyo anaita ndama wake," mzee akasema bila kugeuka, kisha akashika shavu. "Aaah! Mama yangu!"

Maumivu yakamshinda. Akaachama.

Miriam akaingiza kioo. Gego la chini limeoza mpaka ndani, hilo la kung'oa. Halafu akapandisha kioo kwenye meno ya mbele. Akakwangua doa moja kwa ncha ya chuma. Akakwangua tena, halitoki. Akamtazama mzee. Mzee akatazama dari.

Msimamizi wake akaja, akakagua lile gego, akaitikia kwa kichwa. Miriam akachoma sindano ya ganzi taratibu, wakasubiri ishike.

"Haya, niambie ukweli, mwanangu," Bi Fatu akaita kutoka kwenye benchi. "Hayo ya mbele yameharibika sana?"

Mzee akabana mikono ya kiti.

"Tumbaku hiyo, mama," Miriam akajibu. "Mwambie apunguze."

Mzee akashusha pumzi ndefu. Akamvuta Miriam mkono wa koti, akamwambia kwa Kisukuma, tena kile cha kuzaliwa nacho: "Mwambie baba yako posa inakuja Ijumaa."

"Anasemaje huyo?" Bi Fatu akauliza. "Mbona sielewi hata neno?"

"Ni ganzi, mama," Miriam akasema, akichukua koleo. "Inafanya ulimi uwe mzito."