Sahani Nyuma ya Kikwembe

Nyirakamana aliweka bon ya misioni, karatasi ya kupokea musaada, mbele ya mama patroni wetu wa restora. Ilikuwa bon ya unga na maharagi, lakini moto wa volkano ulikuwa umekula nyumba yao pamoja na sufuria.

"Huo unga ukamate wewe, mama. Unipe chakula ya kuiva, ya baba yangu."

Patroni alikubali. Nikaleta bugali na maharagi ya moto.

Muzee, baba yake, hakugusa. Tangu wakimbie hakuwa amekula. Lakini yeye ni muchungaji wa ngombe wa Masisi, na kwao mutu mukubwa hakuli mbele ya wageni. Restora ilikuwa imejaa.

Nyirakamana akasimama. Akafungua kikwembe chake cha juu, kitenge cha maua, akakitandaza kwa mikono miwili kati ya baba yake na sisi.

"Eh, mama, unauzisha?" dereva mumoja aliita. Watu wakacheka.

"Ndiyo, papa. Angalia maua yake muzuri. Bei tutasikilizana polepole."

Mikono yake ikaanza kushuka. Akaipandisha tena.

Dereva aliacha kucheka. Akageuza kiti, akatazama ukuta.

Nyuma ya kikwembe nikasikia sahani ikisogea juu ya meza.