Kidirisha cha Geti

Geti lilipogongwa mara ya tatu, wanawake wote waliokuwa uani waliwabeba watoto wao wakakimbilia ndani. Walibaki wawili: Bi Tunu, aliyeianzisha nyumba hiyo ya kuwahifadhi wanawake waliokimbia vipigo, na Zawena, msaidizi wake.

"Nitoleeni mke wangu!" mwanamume alinguruma nje. "Au nalivunja hili geti!"

Sheria ya nyumba ilikuwa moja: mkuu hajibu akiwa amejificha. Hufungua kidirisha cha geti, akaonyesha uso wake, ndipo aseme. Kwa miaka kumi na minane, uso huo ulikuwa wa Bi Tunu.

Leo alivuta kigoda, akaketi, akapakata ungo wa mchele.

"Bi Tunu, anakuita," Zawena alinong'ona.

"Anamwita mkuu wa nyumba. Mwezi ujao mimi sipo hapa, mwanangu. Nenda."

"Siwezi. Wewe huogopi. Mimi naogopa."

Bi Tunu aliinamia ungo kama anayechagua mchele, lakini vidole vyake havikuokota hata chuya moja. Ungo mzima ulikuwa ukitetemeka, punje zikimwagika mchangani.

Zawena alizitazama punje hizo, akajifuta jasho kwa ncha ya kanga, akaenda getini, akainua mkono.

Rangi yote kuzunguka komeo la kidirisha ilikuwa imekwaruzwa kwa kucha, mikwaruzo ya mkono uliokuwa ukilitafuta komeo na kulikosa kwa miaka kumi na minane.