Masahihisho Mara Kumi

Mwalimu Chitemo alizilaza vekta mbili ubaoni, moja juu ya nyingine, akaliambia darasa kwamba hiyo ndiyo matriksi ya mgeuzo. Swali lilisema mgeuzo unapeleka (1, 0) kwenye (3, 1), na (0, 1) kwenye (2, 5). Wanafunzi wakanakili.

"Haya, tuhakiki," alisema, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya. Akazidisha matriksi yake kwa (1, 0). Ikatoka (3, 2), si (3, 1).

Akafuta kwa kiganja, akazidisha upya. Ikatoka tatu na mbili tena.

Hapo ndipo alipoona. Zile vekta zilitakiwa zisimame wima, ubavu kwa ubavu, na yeye miaka yote alikuwa akizilaza. Juzi mwanafunzi wake Zawena alizisimamisha. Yeye akamkosesha kwa wino mwekundu, akamsimamisha mbele ya wenzake wakamcheka, kisha akamwamuru aandike masahihisho mara kumi.

"Zawena, lete daftari lako."

"Nimeshayaandika, mwalimu," Zawena alijitetea upesi. "Yote kumi."

Kweli yalikuwa kumi, kwa mwandiko safi, na yote yalikuwa na kosa lilelile alilomfundisha.

Uso ulimwaka. Akaketi kwenye dawati lililokuwa tupu kando ya Zawena, akachomoa kalamu nyekundu, akaandika jibu la Zawena la juzi chini ya yale kumi. Kisha akaliandika tena.

Kengele ya mapumziko ililia akiwa kwenye la nne, na hakuna aliyeinuka.