Aliyeachiwa Huru

Hakimu Mwanahawa alitamka kwamba Kibwana hana hatia, kwa sababu kumuuliza mkuu wa mji swali mkutanoni si kosa. Pingu zikafunguliwa. Mkewe akamshika mkono, wakatoka nje pamoja.

Wanaume wawili waliovaa kiraia walikuwa wakimngoja kando ya gari lisilo na namba. Wakamsukuma Kibwana ndani, mkewe akabaki ameshika kofia ya mumewe.

Hakimu aliyaona yote dirishani. Akashuka ngazi na joho lake mwilini, akafungua mlango wa gari, akaketi kando ya Kibwana.

“Mheshimiwa, tafadhali shuka,” dereva akasema kwa upole. “Hii si kazi yako tena.”

“Nimemwachia huru mimi mwenyewe. Anakokwenda, nami nakwenda.”

“Huko hakuna mahakama, mama.”

“Najua,” hakimu akajibu, akavuta mlango.

Dereva alimtazama kwenye kioo. Kisha akabonyeza kitufe, milango yote ikajifunga kwa pamoja. Gari likaondoka taratibu, pindo la joho jeusi likipepea nje, limebanwa mlangoni.